Kazi Imetangulia

Usiku ule simu tuliilaza juu ya meza ya kupigia pasi, katikati yetu, kama mgonjwa. Mke wa mwanangu alikaa upande wa ukuta apate pa kuegemeza mgongo, maana mimba yake ilikuwa imefika pale ambapo mtu halali chali wala ubavu. Mimi nilikaa upande wa mlango. Makaa ya pasi yalikuwa hayajafa vizuri, na chumba kilinuka nguo za watu zilizonyooshwa.

"Mama, funga mlango basi," mkwe wangu alisema. "Mtaa mzima umelala."

"Utafungwa."

"Komeo liko wazi tangu jioni. Wezi nao wana macho."

"Wataiba nini humu? Mashati ya watu?"

Alitaka kucheka, akashika tumbo, akaacha.

Tulikuwa tunamngoja mume wake, mwanangu wa pekee. Alikuwa amekwenda mji mkuu kuifuata kazi yake ya benki, na simu yake ilikuwa imezimwa tangu juzi. Kazi yenyewe hakuwa nayo tena. Hilo nilikuwa nimeshalijua, na mkwe nilimwambia jioni ile ile, nikimshika mikono. Tulichokuwa hatukijui ni kama atarudi. Wanaume wa nyumba hii wakikosa kazi huwa hawarudi. Simwapizii mwanangu. Nasema kwa sababu nilishaliona mara moja.

Baba yake alikuwa akifanya kazi kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilipofungwa hakupiga kelele, hakunywa pombe, hakunipiga. Alibadilika jambo moja tu: alianza kupiga hodi. Mtu anarudi kwake, kwa mkewe, kwenye mlango alioutundika mwenyewe, tena vibaya, hadi leo unakwaruza sakafu na lazima uusukume kwa bega, halafu anasimama nje anasema, "Hodi." Mara ya kwanza nilicheka. Nikamwambia, "Karibu, mgeni." Akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini, kama mgeni kweli. Nikadhani tumepata utani mpya. Ikawa kila jioni hodi, kila jioni karibu. Halafu asubuhi moja akatoka kwenda kuulizia kibarua, akaniaga kwa adabu, akanishukuru kwa chai. Nani anamshukuru mkewe kwa chai? Hatukupata maiti wala salamu. Mwanangu alikuwa darasa la tatu.

Huyo mwanangu mtaani wanamwita Sahihi. Jina la cheti analo, lakini ukiliulizia utazunguka mpaka uchoke. Alipomaliza shule alipata kazi kwenye tawi la benki la hapa mjini, katika chumba cha nyuma. Watu wa kaunta wanawaona wateja. Watu wa chumba cha nyuma wanaona karatasi. Kila anayefungua akaunti hutia sahihi yake kwenye kadi, na kadi hulala kwenye kabati la chuma. Siku mteja akija na karatasi ya kutoa pesa, mwanangu huitoa ile kadi, akaziweka sahihi mbili pamoja, ya leo na ya zamani, akazitazama. Zikifanana anagonga muhuri. Zisipofanana anatoka hadi kaunta kumtazama mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na kupanga mafaili ya mikopo, na kuandika upya anwani za waliohama.

Jina alipewa na fundi viatu wa kona, mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake.

"Sahihi! Leo umemkosoa nani?"

"Sijamkosoa mtu, mzee wangu."

"Basi pita kwangu jioni. Mke wangu amenuna tangu jana, uje umlinganishe na yule niliyemuoa."

Mwanangu alikuwa akicheka mpaka mabega yanatikisika. Alikuwa na cheko la baba yake, na mabega yake.

Mimi ni mpiga pasi. Shule niliiacha mapema, na barua ndefu hunichosha. Lakini nguo nazielewa. Watu wa benki wengi walikuwa wakiniletea mashati yao, mwanangu ndiye aliyebeba mfuko kwenda na kurudi. Kabla mambo haya hayajaanza, mashati ya meneja yalianza kuja na ukingo wa mikono umetafunwa.

"Meneja wenu anaogopa kitu," nikamwambia mwanangu.

"Mama, ni joto tu. Mtu anajifuta jasho kwa mkono."

"Joto lina meno?"

Akaniambia naangalia vitu mno. Ni kweli. Tangu baba yake aondoke siachi kuangalia.

Kisha meneja akawakusanya wafanyakazi wa tawi, asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, akawasomea maneno ya makao makuu. Kwamba matawi yote yalikuwa yanafanya kazi ile ile, kila moja na chumba chake cha nyuma, kabati lake, ucheleweshaji wake na makosa yake. Kwamba kuanzia sasa kazi zote za nyuma zitafanyika pamoja, kwenye jengo moja mji mkuu, nalo litaitwa Kituo. Tawi litabaki na kaunta. Mstari wa mwisho mwanangu aliubeba mpaka nyumbani kama mtoto aliyebeba yai: "Hakuna kazi itakayopotea. Kazi zote zitahamia Kituo."

"Zote?" mkewe akauliza.

"Zote. Na yangu."

"Kwa hiyo tunahamia mji mkuu?"

"Sasa nitaishi wapi, na kazi yangu iko kule?"

Mkwe wangu alipiga vigelegele, mpaka majirani wakatoka. Habari zilimfikia fundi viatu kabla hata sijazima pasi. Alikuja mwenyewe, aproni ya ngozi kiunoni.

"Kumbe sahihi nayo inapanda cheo! Lete viatu vyako. Huwezi kwenda kukanyaga vigae vya wakubwa na visigino vimelala upande." Akamtia soli mpya, za tairi, nene, akakataa malipo. "Ukitembea na hivi utasikika kabla hujafika."

Yaliyofuata yalikuwa ya kupakia. Mwanangu aliambiwa azitoe kadi zote kabatini, azipange kwenye maboksi, aandike juu ya kila boksi kilichomo. Aliambiwa pia aeleze kwa maandishi kila anachofanya, hatua kwa hatua, ili Kituo kijue tawi letu lilivyokuwa likifanya. Jioni alikaa kwenye meza hii hii, mimi nimesogeza nguo pembeni, anaandika.

"Unaandika nini kirefu hivyo?"

"Naandika mpaka jinsi ninavyokaza macho," akasema.

Alifurahi, mwanangu. Hakuna aliyewahi kumuuliza anafanyaje kazi yake. Aliandika kama mtu anayeandaa kitanda atakacholala mwenyewe.

Lori lilikuja. Alisaidia kupakia, ijapokuwa wapakiaji walikuwepo, na shati lake la siku hiyo lilirudi na vumbi la kijivu kifuani, pale alipoyakumbatia maboksi. Alisimama mlangoni akalikung'uta.

"Mama, kazi imetangulia," akasema. "Mimi nafuata."

Alimuuliza meneja aripoti lini. Meneja akasema, "Utaarifiwa." Akangoja. Kila siku alikwenda kukaa kwenye chumba cha nyuma, kwenye meza tupu, akitazama alama za kutu ambazo makabati yaliacha sakafuni. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka ukikaribia kwisha meneja alikuwa akimwita, anatia sahihi, maisha yanaendelea. Safari hii hakuitwa. Meneja akaenda likizo.

"Wataniongezea huko huko," mwanangu akasema. "Wamesahau tu, wana matawi mengi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nitakwenda mwenyewe."

Nilimpigia pasi mashati yake yote meupe. Nilimkunjia moja moja na gazeti katikati yasivunjike. Niliyahesabu kimoyomoyo, nikajua yatamfikisha mpaka siku gani.

Jioni aliyofika alipiga simu.

"Mama, nimeliona. Jengo la vioo, na mlango wake hauna kitasa."

"Sasa watu wanaingiaje?"

"Wanaweka kidole mahali, unafunguka wenyewe. Kidole changu bado hawajakiingiza. Ni mambo ya mtandao."

Mara ya pili alisema mlinzi ni mtu mwema, amempa kiti. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imechangamka, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi nilipoikumbuka baadaye. "Mama, leo nimeyaona maboksi yangu! Mtu alipita, mlango ukakawia kujifunga, nikayaona yamepangwa ukutani. Na mwandiko wangu juu yake."

"Wamesemaje?"

"Watanijulisha."

Baada ya hapo akawa anasema nipo, salama, msalimie mama kijacho wangu, basi. Mimi nilikuwa najua kwamba mashati safi yamekwisha. Kisha simu ikawa haipatikani.

Mchana wa siku ile ile alikuja dada wa kaunta, binti mmoja wa pale tawini ambaye alikuwa akimheshimu mwanangu kama kaka yake. Alibeba gauni moja tu, tena halikuwa na mkunjo. Nikajua hajaletwa na pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alikaa, akalikunja gauni, akalikunjua. "Mama, nimepigiwa simu kutoka Kituo. Ni binti anayeangalia sahihi huko. Anasema, kuna mtu wenu alikuwa anakaa mlangoni kwetu kila asubuhi, wakubwa wamemwambia mlinzi amwondoe, njooni mmtafute."

"Amwondoe kwa nini? Kazi yake si imehamia huko?"

"Imehamia."

"Sasa?"

"Mama..." Alitazama chini. "Imehamia kazi. Si yeye."

Nilisimama na pasi mkononi kama mtu aliyeitwa na asiyejua ameitwa na nani. Sisi mtu akisema kazi yangu, anasema kiti anachokalia, mshahara, chakula cha watoto, heshima ya kusalimiwa njiani. Wao walikuwa wanasema karatasi. Zile karatasi hazikupotea hata moja, ni kweli. Hakuna aliyemdanganya mwanangu, na ndiyo maana hata wa kumlaumu sina.

"Nani anaifanya sasa?"

"Huyo huyo binti. Anaona sahihi zetu na za matawi mengine kibao, kwenye kioo cha kompyuta. Anasema za kwetu anazimaliza kabla ya chai. Aliyoyaandika kaka Sahihi yamemsaidia sana, anasema. Alikuwa hajui kama ndiye yule wa mlangoni."

Nilitaka kumchukia binti huyo, nikashindwa. Naye ni mtoto wa mtu. Na sisemi uongo: tangu Kituo kianze, jirani yangu mshonaji alipata mkopo wake wa cherehani upesi, akanijia akishangaa. Zamani angezungushwa mpaka soli zitoboke. Watu wanaofurahi wapo. Mimi nilifurahi naye siku ile, tukanywa soda.

"Mlinzi alimwondoa kwa nguvu?" nikauliza.

"Hapana. Aliambiwa tu. Akanyanyuka, akakibeba kiti mwenyewe mpaka kibandani kwa mlinzi, akamshukuru kwa kiti. Hakuna anayejua alikokwenda."

"Alimshukuru?"

"Ndiyo, mama."

Nikaweka pasi pembeni nisiunguze nguo ya mtu.

"Kuna lingine," dada wa kaunta akasema, na sasa alikuwa analia. "Huyo binti alinisimulia akicheka, hajui. Anasema kila asubuhi kaka akifika alikuwa anakigonga kile kioo anasema hodi. Mlango wa kidole, mama! Wanamwona mdomo unasema hodi, sauti haiingii. Ndani walishamtania, wanamwita Bwana Hodi."

Hakujua alichoniambia, na ningemwelezaje?

Jioni nilipita kwa fundi viatu, kwa sababu yeye hukaa barabarani na kuona anayeshuka na anayepanda. Nilipomaliza kusema hakutania. Aliupigapiga msumari ambao ulikuwa umeshaingia.

"Soli nilizomtia ni za tairi," akasema mwishowe, akinifariji. "Mtu wa soli zile anaweza kutembea mbali sana."

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa. Nilirudi nyumbani, nikamwambia mkwe wangu yote isipokuwa habari ya hodi. Akasema, "Kwa nini asije tu? Nani atamla?" Nikamwambia mwanamume haogopi kuliwa, anaogopa kutazamwa. Kisha tukaweka simu mezani.

Usiku huo tulisikiliza kila kitu. Gari likipita tulinyanyua vichwa. Mbwa akibweka mkwe wangu alisema "huyo," na mbwa akinyamaza alisema "siye." Mara moja simu ikawaka, wote tukairukia, kumbe ni kampuni inatutangazia bahati nasibu. Mkwe wangu alicheka kicheko kibaya, cha kukata tamaa.

"Mama, akirudi na hana kazi, tutafanyaje na mtoto huyu?"

"Kwanza arudi."

"Lakini tutafanyaje?"

"Pasi hii imemlea yeye. Haijatoboka."

Nilisema hivyo, lakini watu wa chumba cha nyuma ndio waliokuwa wakiniletea mashati mengi, na chumba chenyewe sasa kina vumbi tu. Hilo sikumwambia. Alilala hivyo hivyo, shavu juu ya rundo la nguo za watu, nikaona mate yake yanalowesha shuka la mwalimu, nikamwacha.

Nje palikuwa bado giza nilipozisikia soli. Nzito, za tairi, zikikanyaga changarawe kwa mpangilio, kisha kwa kusitasita. Zilipita nyumba ya mshonaji. Zilifika kwetu. Zikasimama.

Nikangoja bega.

Bega halikuja. Mtu alikohoa kidogo, kama anayeogopa kuamsha wenye nyumba.

"Hodi," akasema.

Mkwe wangu alizinduka, akafumbua mdomo kuitikia, kama atakavyoitikia yeyote aliyelelewa vizuri. Nikamziba kwa kiganja. Alinikodolea macho.

"Nani?" nikauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Ni mimi, mama."

"Mgeni ndiye anayepiga hodi. Humu hatuna mgeni tunayemngoja."

Nilisikia begi likiwekwa chini. Mkwe wangu alikuwa anakitoa kiganja changu mdomoni, ananong'ona, "Mama, mwambie karibu, mwambie karibu, ataondoka." Nami nilikuwa na neno lenyewe kwenye ulimi, la moto kama makaa. Nilishalisema ndani ya nyumba hii jioni nyingi, kwa mwanamume mwenye mabega kama yale, na kila nilipolisema alizidi kuwa mgeni.

"Mama," sauti ikasema nje, chini sana, "kidole changu hakifungui."

"Huu hauna kidole," nikasema. "Unajua unavyofunguliwa."

Soli zikakwaruza changarawe. Hatua moja kwenda mbali. Nyingine. Mkwe wangu alianza kulia kwa sauti, bila kujizuia, na mimi nilishikilia ukingo wa meza kwa mikono yote miwili nisinyanyuke, maana magoti yalikuwa yameshanyanyuka. Mbwa alibweka mahali, akanyamaza. Nilihesabu mashati yake tena kichwani, sijui kwa nini, la kwanza, la pili, lile lenye kifungo nilichobadilisha.

Soli zikarudi.

Ubao uliguswa kwa kiganja, polepole, juu, halafu chini, kama mtu anayesoma gizani. Kisha mlango ukalia pale unapokwaruza sakafu siku zote, ukakwama, ukalia tena. Bega ndilo lililotangulia kuingia.